Siku Niliyoitunga ya Kuokoka

Kanisani kwetu Kasikeu, miaka ya sabini, hukuruhusiwa kufundisha watoto Jumapili mpaka uandike ushuhuda wako na kuusoma mbele ya watu: uliokoka siku gani, na ukiwa wapi. Mimi nilitamani kufundisha kuliko kula. Shida ni kwamba sikuwa na siku. Nilimpenda Mungu tangu utotoni, nikamkasirikia, nikarudi, nikamkasirikia tena. Hayo utayaandikaje?

Basi nikatunga. Niliandika kwamba Jumamosi ya kuamkia Pasaka nilikuwa mtoni, nimepiga magoti nachota maji kwenye shimo la mchangani, nikasikia moyo wangu ukiitwa. Nilisoma daftari likinitetemeka mkononi. Mchungaji akauliza nani mwingine anataka kuokoka. Mama, ambaye siku hiyo alikuja kunisikiliza tu, akainuka benchi la nyuma, akaja kusimama kando yangu.

Kuokoka kwetu kulimaanisha kuacha ugoro, na Mama aliupenda ugoro wake jamani! Jioni ile ile alitupa kikopo chooni. Tangu hapo vidole vyake havikutulia. Kila mara vilipapasa fundo la leso pale kikopo kilipokuwa kikikaa. Nami Jumapili nawakanya watoto wasiseme uongo, nikirudi nyumbani nakuta vile vidole. Nilijichukia. Nikawa natafuta visababu nisile naye.

Mwaka ulipita hivyo. Siku moja tukipukuchua mbaazi uani nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ule ushuhuda niliutunga."

Hakuinua macho. "Si najua. Hiyo Jumamosi ulikuwa na malaria, hata kusimama ulishindwa. Maji nilichota mimi."

"Sasa mbona ulikuja mbele?"

"Niliona vile unatetemeka, mwiitu wakwa, binti yangu. Nikasema mtoto wangu hawezi simama huko peke yake."

"Na ugoro? Si ungerudia tu?"

"Nilishamwambia Mungu nimeacha. Yeye sikumdanganya."

Akarudia mbaazi zake. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Mama alipapasa lile fundo hadi uzeeni, na hakunusa tena. Mimi nimeshika kalamu mara nyingi niandike upya ushuhuda wangu, wa kweli sasa. Kila mara nafika pale anapoinuka benchi la nyuma, na sijui niendelee vipi. Siku yangu bado sina.