Fyuzi ya Kumi na Tano

Siku hizi taa za ziada hufungwa garini kama mbuzi anavyofungwa sokoni. Fundi anauchuna waya wa taa kubwa kwa meno, anausokotea waya wake papo hapo, anazungusha tepu nyeusi, anabonyeza swichi. Zikiwaka, kazi imekwisha. Mwenye gari anachekelea na kuondoka. Hakuna anayeuliza waya umepita wapi, umegusa nini, wala utafanya nini siku utakapochubuka.

Mzee Fyuzi hakuwa fundi wa namna hiyo. Jina hilo alibandikwa na jirani yake, mziba pancha aliyekuwa na banda la pili kutoka kwake, ambaye naye kila mtu alimwita Kiraka. Mzee alikuwa fundi wa umeme wa magari kwa miaka thelathini na minane, katika banda lile lile la mabati. Ukutani nyaya zilining'inia kwa rangi zake, mezani palikuwa na chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, na juu ya rafu lilikaa boksi la bati lenye vyumba vidogo vya fyuzi: nyekundu za ampea kumi, bluu za kumi na tano, manjano za ishirini, kijani za thelathini.

Alianzaje? Alipokuwa kijana, lori alilolifunga taa liliungua barabarani. Dereva aliruka akapona, lori likabaki mifupa. Mwalimu wake wa kazi hakumgombeza. Alimketisha kando ya lile gofu siku tatu, akamwambia aufuate waya wake kwa vidole kutoka betri hadi taa. Siku ya tatu alipafikia mahali ulipopenya ukuta wa injini kwenye tundu la bati lisilo na mpira. Makali ya bati yalikuwa yameula waya polepole, safari baada ya safari. Na njia nzima haikuwa na fyuzi hata moja.

Tangu hapo alikuwa na taratibu zake na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Umeme wa taa hautoki kwenye taa za gari, unatoka kwenye betri. Fyuzi inakaa shubiri moja tu kutoka betri, si mbali zaidi, maana waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Mzigo unabebwa na rilei, swichi ya pili inayokaa kwenye injini, ili swichi ya ndani ibonyezwe bila kupata moto. Waya wa hasi unafungwa kwenye chuma kitupu kilichokwanguliwa rangi mpaka king'ae. Na kila tundu la bati linavishwa mpira kwanza.

Kisha akaongeza moja yake mwenyewe, ambayo wengine waliicheka. Akimaliza kazi alimwita mwenye gari, akamsimamisha mbele ya boneti, akachukua kipande cha waya na kuupiga waya wa taa shoti kwa makusudi. Fyuzi ilikufa, tah! Alimwonyesha mwenye gari ule uzi uliokatika ndani yake, kisha akatia nyingine mpya. "Umeiona?" alisema. "Imekufa yenyewe ili gari lako lisife."

"Mzee Fyuzi," Kiraka alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye banda lake, "na mama watoto ulimpiga shoti kwanza kabla hujamwoa?"

"Nilimpima kwa testa," Mzee alijibu bila kuinua kichwa. "Akawaka. Wewe wangekupima, wangetafuta betri mpaka kesho."

Mke alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Aliyebaki naye bandani alikuwa binti yake, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, aliyejifunza kazi kwake tangu alipomaliza shule. Mikono yake ilikuwa na utulivu ambao Mzee hakuwahi kuuona kwa fundi mwingine, ingawa hakumwambia. Alichofanya ni kumjaribu kila siku. Alishika waya akamwuliza, "Huu rangi gani?" Au alichota fyuzi kutoka kwenye boksi: "Hii ya ngapi?" Binti alijibu, na Mzee aliitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika.

Jambo moja tu hakumwachia: fyuzi ya mwisho. Binti angeweza kupitisha nyaya zote na kuchomea viungo vyote, lakini fyuzi ya kukabidhi gari aliitia Mzee kwa mkono wake. Kwake hiyo ilikuwa sahihi yake.

Asubuhi moja lilikuja gari la wagonjwa la zahanati. Lilikuwa linakwenda vijiji vya milimani kuwachukua wajawazito na wagonjwa mahututi, na dereva wake, mtu mnene mwenye haraka kuliko mwili wake, alikuwa amechoka kuendesha kwenye ukungu akiona nusu ya barabara.

"Mzee, nataka taa mbili kubwa. Zipasue ukungu. Alasiri naondoka."

"Alasiri utaondoka," alisema Mzee. "Lakini hapa hatuharakishwi."

"Mimi sikuharakishi. Mgonjwa ndiye anayekuharakisha."

Baba na binti wakaingia kazini. Binti alilala chini ya gari, Mzee akawa juu ya injini. Walizipima taa: zote mbili pamoja zilitaka fyuzi ya kumi na tano, na waya waliopitisha ulikuwa wa kadiri hiyo, haukutaka zaidi. Ilipofika saa saba taa ziliwaka, na mwanga wake uliupiga ukuta wa banda la Kiraka hadi akajikinga uso kwa tairi.

"Zimeni! Mnanikaanga!"

Mzee alimwita dereva, akapiga shoti, fyuzi ikafa, tah! Dereva akaruka hatua nzima nyuma. Mzee akachota fyuzi mpya kutoka mfuko wa shati, akaipachika, akafunga kifuniko. Gari likaondoka likipiga honi.

Alikuwa ameketi anakunywa maji alipotia mkono mfukoni na kukuta fyuzi nyingine. Akakumbuka. Asubuhi alikuwa amechukua mbili: ya kumi na tano kwa ajili ya zahanati, na ya thelathini kwa ajili ya feni ya basi ambalo halikuja. Akaziweka pamoja mfukoni, ilhali ni yeye aliyekuwa akipiga kelele kwamba mfuko wa shati si mahali pa fyuzi. Aliigeuza ile iliyobaki mbele ya macho yake. Aliona kitu cheusi-cheusi, labda kijani. Bila shaka kijani. Hata hivyo hakutaka kubahatisha.

"Hii rangi gani?" alimwuliza binti yake, kwa sauti ile ile ya mwalimu.

Binti aliitazama. "Bluu, Baba. Kumi na tano."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Baba, mbona hivyo?"

"Ina maana fyuzi ya kijani imekwenda na gari la wagonjwa."

Wote wawili walijua maana yake. Siku waya ule ukichubuka kidogo, fyuzi ya kumi na tano ingekufa mara moja. Ya thelathini ingesubiri. Ingesubiri na kusubiri huku waya unapata moto, unayeyusha ngozi yake, unashika zulia, na ndani ya gari amelala mtu asiyeweza kuinuka. Huenda isitokee kamwe. Waya ulikuwa umepita pazuri, umevaa mipira, umefungwa barabara. Gari lingeweza kwenda milimani mara mia bila neno. Lakini Mzee alikuwa amekaa siku tatu kando ya gofu la lori.

Binti alichukua bisibisi na fyuzi ya bluu. "Nakwenda mimi. Nitamwambia dereva nimesahau kukaza kifuniko, nitabadilisha, basi. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Mimi najua mengi, Baba." Akasita. "Najua tangu ulipoanza kuniuliza rangi ukijifanya unanipima."

Mzee akamtazama. Kumbe miaka miwili yote hiyo! Alidhani amelificha giza lake vizuri, kumbe binti alikuwa akimsomea dunia rangi moja baada ya nyingine, bila kumwaibisha hata siku moja. Ikiwa angekwenda mwenyewe zahanati kusema amekosea, wangemwuliza amekosea vipi, na akijibu, basi kila gari mjini lingejua kwamba Mzee Fyuzi haoni fyuzi. Miaka thelathini na minane ingemalizikia hapo. Ikiwa angemwachia binti, jina lingebaki zima.

"Kiraka!" aliita. "Pikipiki yako inawaka?"

"Inawaka kuliko mimi," alijibu Kiraka akitoka na mafuta hadi kwenye viwiko. "Kuna nini? Fyuzi imekataa kufa?"

"Mimi ndiye niliyekosea. Tupeleke zahanati."

Kiraka alitaka kumtania, akauona uso wake, akakimbilia pikipiki.

Wakapanda watatu kwenye pikipiki moja, binti katikati na boksi la bati mapajani. Ua wa zahanati ulijaa watu waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limegeuzwa kulielekea lango, injini ikiunguruma. Muuguzi mkuu, mama mrefu mwenye saa iliyoning'inia kifuani, alikuwa anapakia machela ndani.

"Zima!" Mzee alipiga kelele, akashuka kabla pikipiki haijasimama, nusura aanguke.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mzee, kuna nini tena? Taa zinawaka kama mchana!"

"Kuwaka si kazi. Zima, fungua boneti."

"Nina safari! Kuna mama ana uchungu huko juu!"

"Na unamrudisha kwenye gari nililolifunga vibaya," alisema Mzee. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la mwisho, maana alijua akisema kwa kunong'ona, hatamaliza. "Nimetia fyuzi kubwa kuliko waya. Nimekosea mimi, si binti yangu. Waya ukiungua, fyuzi itakaa inautazama tu."

Dereva akazima injini, kwa mara ya kwanza bila kubisha.

Muuguzi mkuu akamkaribia. "Fundi mzee kama wewe umekosea vipi?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mzee alijibu: "Sikuona rangi, Sista. Bluu na kijani kwangu siku hizi ni kitu kimoja."

Bila kuomba ruhusa muuguzi alimshika kidevu, akamgeuzia juani, akayatazama macho yake moja moja. "Mtoto wa jicho, tena mkubwa huyu. Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na zahanati unapita mbele yake kila siku!" Akamwachia kidevu. "Daktari wa macho anakuja Alhamisi. Usipokuja, nitamtuma dereva akuchukue kwa machela."

Watu walicheka, hata Kiraka aliyekuwa ameshikilia pikipiki yake kama anayeogopa kuulizwa jambo. Mzee alingoja kicheko kimchome. Hakikumchoma. Alisimama wima kuliko alivyosimama siku nyingi. Alikuwa ameusema ukweli uani, mbele ya wagonjwa, na ardhi haikupasuka. Mafundi wangapi wa leo wangelikimbilia gari ambalo limekwisha kukabidhiwa na linawaka? Wangezima simu.

"Sawa," alisema muuguzi. "Sasa mimi naweka wagonjwa wangu humu. Nani ananithibitishia?"

Mzee aligeuka. Binti yake alikuwa bado amekumbatia lile boksi la bati.

"Huyu hapa," alisema Mzee. "Nimemfundisha mimi, na sasa amenipita. Akisema gari liende, liende. Akisema likae, likae."

Miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka neno hilo. Binti alimtazama mara moja tu, akafungua boneti. Alichomoa ya kijani, akaipachika ya bluu, Mzee akapumua. Dereva akarudi kwenye usukani.

"Fundi," dereva alimwita binti, na hilo jina alikuwa hajawahi kumwita, "niondoke?"

"Bado."

"Bado nini? Umeshabadilisha!"

"Gari limetembea na fyuzi kubwa kutoka bandani mpaka hapa. Naukagua waya wote." Akazamisha mkono chini ya betri, vidole vikaufuata waya polepole, kiungo kwa kiungo, tundu kwa tundu, bila pupa, macho yameelekea mbali kama ya mtu anayesikiliza. Mzee alisogea karibu, akainama naye juu ya injini, akanyoosha kidole kumwonyesha mahali pa kuanzia.

"Baba," alisema binti bila kumtazama, "sogea kidogo. Unanizibia mwanga."

Mzee akasogea. Alirudi nyuma hadi benchi la kwanza, na bibi mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji akampisha nafasi.

"Yule fundi ni nani wako?" bibi aliuliza.

"Mwanangu," alisema Mzee, na akakaa.