Nyoka wa Jiwe kwenye Meza ya Shangazi Odila

Kama ulikuwa mtoto wa Kimironko, Kigali, miaka ile yetu, bila shaka magoti yako yana makovu mpaka leo. Tulicheza mdako barazani mpaka kucha zikaisha, tukaruka kamba ya mpira wa tairi, tukarudi nyumbani wekundu kwa vumbi kama matofali. Ukipita karibu na soko ulisikia harufu ya sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu, wakikaangwa, mate yakakujaa hata kama umetoka kula. Simu ilikuwa moja mtaa mzima, nayo ilikuwa ya watu wazima wenye shida za watu wazima. Nikiwasimulia watoto wangu hayo, wananitazama kana kwamba nilizaliwa kabla moto haujagunduliwa.

Lakini leo nataka kusimulia juma moja tu la likizo, juma ambalo Shangazi Odila nusura aachwe na wateja wake wote kwa sababu ya jiwe.

Shangazi Odila alikuwa dada yake baba. Wote wawili walikulia Karagwe, Tanzania, na Shangazi aliporudi Rwanda alirudi na vitu vitatu: cherehani, Kiswahili, na mapenzi ya mawe. Cherehani aliiweka sokoni Kimironko, upande wa mafundi. Mawe aliyatumia kukandamiza vitambaa visiteleze wakati wa kukata, lakini hicho kilikuwa kisingizio tu. Mafundi wengine walikuwa na mawe mawili kila mmoja. Yeye alijaza ndoo nzima na sanduku la soda. Alikuwa na jiwe jeusi la Musanze, kwenye volkano, lenye matundu kama mkate, alikuwa na jiwe linalometameta kama samaki, na kila moja alikumbuka alikoliokota na siku hiyo alikuwa amevaa nini.

“Odila,” baba alikuwa akimwambia, “siku moja utatuletea mlima mzima hapa ndani.”

Jumapili moja tulikuwa tunatoka Masaka, nje kidogo ya mji, alikokuwa na kishamba cha maharage: Shangazi, binti yake Solange, na mimi, Neema. Njiani palikuwa na nyumba kubwa inajengwa, na pembeni yake lundo la vifusi. Shangazi hakuweza kupita lundo. Alichokoa kwa mguu, akainama, akaibuka na kipande cha jiwe bapa, kimegandwa na saruji, kizito kama mtoto wa miezi sita. Tulikibeba kwa zamu mpaka barabarani, na yule wa pikipiki aliyembeba Shangazi alilalamika njia nzima.

Nyumbani tulikisugua kwa brashi ya chuma. Saruji ilipobanduka, Solange akapiga ukelele. Ndani ya jiwe mlikuwa na kitu kimejiviringa, duara juu ya duara, kikubwa kama kisahani cha chai, na kutoka nje mpaka katikati kimekatwakatwa na vistari kama ngazi. Hakikuchorwa. Kilikuwa ndani kabisa ya jiwe.

Shangazi alikaa chini sakafuni palepale, mikono ikichuruzika maji. “Wewe ni nani?” akakiuliza.

Jumatatu kikawa mezani kwake sokoni, na balaa likaanza. Jirani yake, Mama Kevine, aliyeuza vitenge na kuogopa kila kitu kisicho kitenge, alikitupia jicho mara moja tu, akaapa kwa Kinyarwanda.

“Yampaye inka! Odila, hii iko nyoka! Nyoka imelogwa ikakuwa jiwe!”

Kufikia saa sita soko zima lilikuwa na habari. Watu walikuja kukitazama kwa mbali, mikono nyuma. Waliokuja kutazama walikuwa wengi, waliokuja kushonewa hakuna. Jumanne akafika mama mmoja mnene mwenye heshima zake, ambaye binti yake alikuwa anaolewa. Alikuwa amempa Shangazi vitambaa vya mishanana, mavazi ya sherehe yanayofungwa begani, ya wasindikizaji wote wa bibi harusi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

“Nguo za harusi ya mwanangu haziwezi kushonwa juu ya nyoka,” alisema. “Nitarudi Jumamosi. Nikilikuta hilo jiwe hapa, naondoka na vitambaa vyangu.”

Tulidhani Shangazi atalitupa. Mimi mwenyewe ningelitupa. Lakini alipiga mkasi wake mezani, akasema, “Siwezi kutupa kitu ambacho sijui jina lake. Nikilijua, ndipo nitaamua.” Jioni hiyo, hata hivyo, nilimwona akivikunja vile vitambaa vya harusi taratibu mno, akivipapasa.

Jumatano akaja Bi Salma, Mtanzania kutoka Tanga, kupunguziwa gauni. Kazi yake ilikuwa kupima mawe na udongo kabla ya majengo kusimama. Aliliona jiwe, akasahau gauni.

“Dada Odila, mna ndimu hapa?”

Nilikimbia nikaileta. Bi Salma akakwangua ubavu wa jiwe kwa ncha ya mkasi mpaka ukatoka unga, akakamulia ndimu. Unga ukatoa povu! Sss, kama soda. Akafanya vilevile kwa jiwe la Musanze, kimya. Kwa lile linalometameta, kimya.

“Hili ni jiwe la chokaa,” akasema, “na si la milima ya hapa. Naona limezaliwa chini ya bahari. Huyu aliyemo ndani alikuwa mnyama, ila sina hakika ni mnyama gani. Anafanana na konokono.” Akatugeukia mimi na Solange. “Mnaweza kunitafutia magamba matupu ya konokono? Yasugueni kwenye saruji mpaka yakatike katikati, mniambie ndani kuna nini.”

Hakuna watoto waliowahi kupewa kazi tamu namna hiyo. Alhamisi nzima tulipekua migomba ya majirani, tukapata magamba kumi na moja. Tuliyasugua kwenye ngazi za mlango wa nyuma, kwarakwara, kwarakwara, mpaka vidole vikatoka malengelenge na baba akatishia kuhama. La kwanza lilivunjika. La pili likavunjika. La tatu likafunguka vizuri, na tukalishika juani vichwa vyetu vikigongana.

“Hamna kuta!” Solange akasema. “Neema, tazama, ni kichochoro kimoja tu kinazunguka!”

Tukafungua la nne, la tano, yote vilevile. Konokono ana njia moja wazi tangu mlangoni mpaka mwisho. Vile vistari vya yule wa kwenye jiwe vilikuwa kuta: alikuwa na vyumba, kila kimoja na ukuta wake. Tulikimbia mpaka sokoni bila viatu, tukapita katikati ya mafungu ya nyanya tukipiga kelele, “Si konokono! Si konokono!” na wauza nyanya wakatujibu, “Sasa ni nini?” Hatukujua, lakini furaha ilikuwa ileile.

Ijumaa Bi Salma alirudi na kitabu chake cha chuo, kimechakaa. Tulimweleza habari za vyumba, akacheka akapiga makofi, akafungua ukurasa. Yupo! Duara juu ya duara, na vikuta vyake.

“Anaitwa amonaiti,” akasema. “Aliishi chumba cha mwisho, cha nje. Akikua, anajenga kingine mbele na kufunga cha nyuma. Vile vya nyuma vinamsaidia kuelea. Walikwisha wote duniani zamani mno, kabla hajatokea mtu. Ndugu zake waliobaki ni ngisi na pweza.”

“Pweza ni nini?” nikauliza. Bi Salma akanitazama kwa huruma ya mtu wa pwani, akaeleza miguu minane, na vikombe vidogovidogo vya kunyonyea kwenye kila mguu. Tulipiga mayowe.

“Na nyinyi mnakula hiyo?” Mama Kevine akauliza kutoka kwenye vitenge vyake.

“Kwa nazi.”

“Mana yanjye! Mungu wangu!”

Jumamosi yule mama wa harusi alifika. Shangazi alikuwa ameandaa kila kitu: jiwe, ndimu, magamba yaliyokatwa. Kabla hajafungua mdomo, Mama Kevine alikwisha ruka mbele.

“Si nyoka, mama! Iko mnyama ya bahali! Iko na vyumba, tazama, moja, mbili, tatu... Hata mimi sina vyumba mingi namna hii!”

Mama wa harusi aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, akanyoosha kidole, akagusa ukuta mmoja, akakirudisha haraka, akagusa tena. Mwishowe akauliza, “Na hivi vyote alijenga peke yake?”

“Peke yake,” Shangazi akasema.

“Basi huyo ana akili kuliko mkwe wangu. Shona.”

Soko liliangua kicheko mpaka Shangazi akashika meza asianguke.

Jumapili tukarudi Masaka kwenye ile nyumba. Msimamizi wa ujenzi alisema vipande vile vilikatwa kwenye mawe ya sakafu yaliyoletwa kwa meli kutoka mbali, na akatuacha tuingie. Sebule ilikuwa tupu, imemwagiliwa maji, na chini yetu, ndani ya mawe ya sakafu, amonaiti walikuwa wamejaa: wakubwa, wadogo, nusu, robo. Tulilala kifudifudi mimi na Solange tukihesabu kwa sauti, tukigombania nani kaona mwingine, na Shangazi, mtu mzima na kitenge chake kizuri, akavua viatu akalala kifudifudi nasi. “Masaka,” alikuwa akirudia, “sisi tuko Masaka, chini ya bahari.”

Siku hizi nyumba ile ina geti refu na mbwa. Shangazi Odila ni bibi sasa, anaishi Busanza, macho hayamruhusu kutunga uzi. Mwezi uliopita binti yangu aliona duara kama lile kwenye sakafu ya benki mjini. Akatoa simu, akapiga picha, jina likatoka kabla sijainama kutazama. Akaniambia jina, akarudi kwenye mchezo wake.

“Sisi ilituchukua siku tano kulijua hilo jina,” nikamwambia.

Akaninyanyulia macho, kwa huruma ya kweli kabisa. “Pole, mama.”

Nilicheka mpaka mlinzi akageuka. Siku tano, mwanangu, na sisi tulisikitika hazikuwa sita.