Njia ya Maji Chini ya Reli

Hapa Juba habari za reli tunazisikia kila mwaka, lakini wengi wetu hatujawahi kuona hata tuta la udongo linaloibeba. Mimi nilitaka kuona. Kwa hiyo Rose, Mganda anayeuza chapati na maharage sokoni Konyo Konyo, aliposema anakwenda kwao karibu na Tororo kwa sababu ya reli mpya, nilimwomba tufuatane.

"Twende," alisema. "Lakini wewe unaenda kuangalia. Mimi naenda kugombana."

Mpakani Nimule, afisa aliuliza safari yetu ni ya nini. Nikamjibu kwamba tunakwenda kutazama reli.

"Ikifika huku, uniamshe," akasema, akagonga muhuri.

Kati ya Gulu na Soroti, abiria wakiwa wametulia ndani ya basi, Rose alinieleza ugomvi wenyewe. Mama yake huchota maji kwenye chemchemi iliyo ng'ambo ya tuta. Wajenzi waliacha upenyo chini ya tuta, ila uko mbali, kule wanakopita ng'ombe. Tuta likikamilika, mama mwenye goti bovu atazunguka kilima kizima, au ahamie kwa mwanawe mjini. Mjini hataki hata kusikia.

Tulipofika, tuta lilikuwa limeshapita urefu wa nyumba. Malori yalimwaga udongo mwekundu, gari la maji likanyunyiza, kisha mtambo wa kushindilia ukapita juu yake taratibu. Mbele zaidi ardhi ilishuka kwenye bwawa la mafunjo, na hapo tuta liliishia. Nguzo za zege zilisimama ndani ya bwawa, zikisubiri kubebeshwa daraja.

Jioni, uani kwa mama, Rose alimkabili Mzee Owor, baba yake mdogo.

"Baba, mbona ulionyesha njia ya ng'ombe tu?"

"Wapimaji wa reli walipokuja, waliuliza tunapita wapi. Mimi napita na ng'ombe," alijibu Owor. "Na nyinyi wanawake si mlikuwapo?"

"Tulikuwapo jikoni," alisema mama. "Tuliwapikia kuku wangu. Mchuzi waliusifu sana."

Hakuna aliyecheka. Ndivyo mambo yanavyokwenda: wageni wakija, wanaume huketi nao, wanawake huinama mekoni. Hakuna aliyekusudia kumfungia mama njia.

Asubuhi, pamoja na mama na Owor, tulimwendea msimamizi wa ujenzi, kijana mpole mwenye buti zilizojaa tope. Alimsikiliza Rose mpaka mwisho.

"Dada, tuta siwezi kulitoboa tena. Lakini tazama kule." Alituonyesha chini ya nguzo za mwanzo, ukingoni mwa bwawa, ambako malori yalijengewa njia ya mawe. "Kazi ikiisha tulipaswa kuyang'oa mawe yale. Nitawaomba wakubwa yabaki. Ila kufika pale mtapita shamba la nani?"

Sote tukamgeukia Owor.

"Mihogo yangu iko pale," alisema, sauti imeshuka.

"Na wale kuku walikuwa wangu," alisema mama.

Owor alishuka hadi shambani, sisi nyuma yake. Kisha akavua koti, akanipa nimshikie, akaanza kung'oa mihogo.

Kabla hatujaondoka, jibu la wakubwa lilikuja: mawe yatabaki. Mama alichukua jerikani yake, akaijaribu njia mpya. Chini ya nguzo alisimama, akatazama juu.

"Nyumba kubwa hivi," alisema. "Nani atafagia?"

Hapo ndipo Rose alipocheka kwa mara ya kwanza tangu Juba.

Niliporudi nyumbani Juba, mtaa wa Hai Cinema, majirani waliniuliza nguzo ni ndefu kiasi gani. Niliwaambia. Lakini lililonibakia moyoni ni lile swali la wapimaji, na nani hakuwapo kulijibu.

Majuzi watu walikuja Konyo Konyo kupima mtaro mpya mbele ya vibanda. Wafanyabiashara wanaume waliwazunguka, na mmoja akapaza sauti, "Rose, letea wageni chai!"

Rose alizima jiko. Akawaita wauza samaki, wauza mboga na mama anayeuza unga.

"Chai itakuja," alisema, akijipenyeza hadi mbele. "Kwanza mtuulize sisi tunapita wapi."

Mazungumzo yalikuwa marefu. Chai tuliinywa imepoa.