Vidoti vya Bibi Regina

Sina subira na watu wanaoacha kompyuta wazi. Natengeneza kompyuta hapa Bigwa, chini ya mlima, mwaka wa kumi na moja huu, na Kristina, jirani yangu, alikuwa ananichosha. Ni mwalimu wa chekechea. Laptop yake ilikaa mezani karibu na dirisha kutwa nzima, skrini inawaka, na mwenyewe yuko nyuma ya nyumba anamwagilia kabichi.

"Funga skrini, shoga," nilimwambia.

"Mikono yangu ina udongo saa zote, Hidaya. Kila nikirudi nianze kuandika neno la siri? Na humu ndani tuko mimi na mama tu."

Mama yake, Bibi Regina, alikuwa kama hayupo. Miaka mitatu nyuma kiharusi kilimchukulia sauti na mkono wa kushoto. Alishinda kwenye kiti chake pembeni ya meza hiyo, akitazama ukungu unavyoteremka kutoka mlimani. Zamani alikuwa mpiga taipu wa misheni huko juu, miaka thelathini. Siku hizi ukimwamkia anakukazia macho mpaka wewe ndiye unayageuza yako.

Mwezi wa sita Kristina alikuja dukani kwangu mchana, kanga imekaa upande, laptop kaikumbatia.

"Kuna mtu anaandika kwenye kompyuta yangu."

Nilicheka, kisha akanionyesha. Ukoo wao ulikuwa unagawana upya mashamba ya mlimani, na kwao ardhi hufuata upande wa mama. Kila nyumba ingesimama mbele ya wazee na kutaja mama zake wanne kwenda nyuma. Ikishindwa, itahesabiwa nyumba ya wageni waliokaribishwa, na shamba litachukuliwa. Kristina alimjua mama yake, Regina, na bibi yake, Judith. Akayaandika hayo kwenye laptop, akaishia hapo. Mwenye kujua zaidi ndiye huyo asiyesema.

Chini ya jina la Judith palikuwa na maneno ambayo Kristina aliapa hakuyaandika: "Mama yake Judith ni Mwanvita.  Kaburi lake liko shambani kwetu."

"Mwanvita! Nyumba yetu sisi Wakatoliki watupu. Huyu ni Kasiani tu, anataka nikalitaje hilo jina wazee wanicheke."

Kasiani ni ndugu yao wa ukoo, analimezea mate lile shamba, na mchana hupita kumsalimia Bibi Regina. Kristina alikuwa ameyafuta maneno hayo mara mbili, na mara mbili yamerudi. Mimi niliona hayana kosa hata moja, na baada ya nukta zimeachwa nafasi mbili. Nani siku hizi anaacha nafasi mbili, kama enzi za mashine za taipu? Lakini sikujisumbua kufikiri zaidi. Nilifurahi kwamba nilikuwa nimesema kweli.

Basi akayafuta tena, nikamfundisha kuweka neno la siri refu, na skrini ijifunge yenyewe kila baada ya dakika moja. Nikamsomea na hotuba: usimwambie mtu, hata mimi, na usilitaje kwa simu hata akupigie nani.

Ijumaa, kesho yake ni kikao, nilipita alasiri kumrudishia chaja. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikabisha hodi. Halafu nikasikia vitufe, taratibu, kwa mwendo mmoja, kama matone kwenye bati.

"Shikamoo, bibi."

Hakugeuka. Macho yake yalikuwa mlimani, na mkono wa kulia ulitembea peke yake juu ya vitufe. Kwenye skrini, ndani ya kisanduku cha neno la siri, vidoti vyeusi vilikuwa vinajipanga. Alipomaliza mstari akabonyeza kitufe cha mwisho. Skrini ikaandika: Neno la siri si sahihi. Vidoti vikafutika. Akaanza upya.

Nikampigia Kristina, yuko kwenye shamba la mlimani.

"Nipe neno la siri, sasa hivi!"

"Si wewe uliyesema nisilitaje kwa simu?"

"Mama yako ndiye anayeandika!"

"Mama hajui hata jina langu, Hidaya. Uko na nani hapo? Kasiani?" Akakata.

Niliupanda mlima mbio kumfuata, na umri huu. Tuliporudi, Bibi Regina alikuwa ameifunika laptop na kuweka mkono juu yake. Kristina akaifungua, akapiga magoti, akaurudisha ule mkono kwenye vitufe.

"Andika, mama. Sasa iko wazi."

Mkono ulikaa pale kama si wa mtu. Niliondoa kule kujifunga, skrini ikaachwa inawaka mpaka asubuhi, na haikuongezeka hata herufi moja.

Jumamosi nilimsindikiza kikaoni. Alisimama akamtaja Regina, akamtaja Judith, na kwa sauti ndogo akamtaja Mwanvita. Hakuna aliyecheka.

"Huyo tunamjua," alisema mzee wa ukoo. "Kaburi lake liko palepale shambani. Na mama yake Mwanvita?"

Kristina aligeuka akanitazama mimi, niliyemfundisha kufunga skrini.