Siku Bibi Alipoitwa "He"

Nimefundisha Kiingereza muda mrefu kiasi kwamba makosa ya wanafunzi nayajua kabla sijafungua daftari. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiumwa ataandika "my stomach is biting me", kwa sababu kwetu mbwa anauma na tumbo linauma, neno ni lilelile. Akipita karibu na jiko ataandika "I heard the smell", maana harufu tunaisikia. Jumapili atakwenda kanisani "to play", na jioni atakwenda uwanjani "to pray football". Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu nikisahihisha. Baadaye nikaacha kucheka, nikawa napiga mstari mwekundu tu na kugeuza ukurasa.

Wakati huo nilikuwa shule moja ya serikali huko Chang'ombe. Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, na mashine ya kusaga vyuma ikianza kulia ilibidi nisubiri ndipo niendelee na somo. Darasa lilijaa mpaka wengine walikaa watatu kwenye dawati la wawili. Wengi walitoka shule za msingi ambako kila kitu kilifundishwa kwa Kiswahili. Walipofika kwetu, ghafla historia, hesabu na baiolojia vikawa vya Kiingereza, na lawama za kutoelewa kwao zote zikaja mezani kwangu.

Kosa lililonishinda kuliko yote lilikuwa dogo. Kiswahili hakina haja ya kukueleza kama mtu ni mwanamke au mwanamume. Anakuja, anapika, anaoga. Atajulikana mbele ya safari. Kiingereza hakikuruhusu kusogea hatua moja bila kuchagua "he" au "she". Wanafunzi wangu walichagua "he" na kwenda nayo hadi mwisho. Mama alikuwa "he", dada alikuwa "he", malkia alikuwa "he".

Kulikuwa na binti mmoja kidato cha pili, mwembamba, mkimya, mwenye kichwa chepesi hasa kwenye baiolojia. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke wa hapahapa Dar tangu enzi za mababu, aliyekuwa akiuza vitumbua Temeke. Insha za binti huyu zilikuwa nzuri. Alimwandika bibi yake mpaka unamwona. Shida ilikuwa moja tu, bibi mwenyewe alikuwa mwanamume kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Mwaka huo mkuu wa shule alitaka siku ya wazazi iwe na hotuba ya Kiingereza kutoka kwa mwanafunzi wa madarasa ya chini. Alikuwa mtu wa bara, mpole kwa sura lakini mkali kwa taratibu, havui koti hata jua liwe kali namna gani.

"Mgeni rasmi lazima asikie Kiingereza kutoka kwa watoto wetu," aliniambia. "Na mwanafunzi asisome karatasi. Kusoma karatasi kila mtu anaweza."

"Mkuu, bila karatasi watababaika."

"Ndiyo maana nina mwalimu wa Kiingereza."

Nilitaka kumpa kazi hiyo mvulana mmoja aliyesoma msingi kwenye shule ya kulipia. Nilipotangaza darasani, yule binti akanifuata nje.

"Madam, naomba niseme mie."

"Kwa nini wewe?"

"Bibi atakuja. Hajawahi kunisikia naongea Kiingereza."

Nilimwambia kuhusu zile "he" zake. Akasema anazijua, atazirekebisha. Nilimtazama, nikaona nikimkatalia nitakuwa nimemkatalia na bibi yake. Nikakubali.

Tulifanya mazoezi kila siku baada ya vipindi, mimi nimekaa, yeye amesimama mbele ya ubao mikono nyuma. Kwenye karatasi hotuba ilikuwa safi. Karatasi ikiondoka, "he" ilirudi. Nilijaribu kila njia niliyoijua. Mwisho nikamwambia, "Kabla hujamtaja bibi, muone kwanza kichwani mwako amevaa kanga. Ukiiona kanga, sema 'she'." Hilo lilimsaidia. Alikuwa anatulia kidogo, macho yanakwenda juu, halafu anasema "she". Siku mbili za mwisho hakukosea kabisa. Nilirudi nyumbani na matumaini ambayo kwa umri wangu nilipaswa kuwa nimeshaacha kuyabeba.

Siku ya wazazi turubai lilijaa. Bibi yake alikuja mapema, amevaa dera jipya na mtandio, akakaa safu ya pili. Mgeni rasmi, ofisa wa elimu, alichelewa kama wanavyochelewa wote. Binti alipoitwa alikuwa amekaa juani muda mrefu na midomo imemkauka.

Alishika maikrofoni, ikalia kidogo, akaanza.

"My grandmother is a very hardworking person. He wakes up when we are sleeping. He cooks vitumbua."

Nikafumba macho. Kicheko kilianzia nyuma, kwa kidato cha nne, kikasogea mbele safu kwa safu. Binti hakujua kinatoka wapi, akaendelea, "He is very beautiful," na hapo hata walimu wakashindwa kujizuia. Bibi aligeuka kulia na kushoto, akaona watu wamefurahi, akajua mjukuu wake amewafurahisha. Akasimama akapiga vigelegele.

Binti akanitafuta kwa macho. Nilimwonyesha kwa midomo bila sauti: she. Macho yakamwenda juu. Alielewa. Kuanzia hapo hakuna "he" iliyotoka tena kinywani mwake. Sehemu ya bibi aliimaliza vizuri, kisha akageukia shukrani.

"I thank our headmaster. She is very strict. She wears a coat every day. She is like a father to us."

Sijawahi kusikia turubai likicheka namna ile. Mgeni rasmi alitoa leso akajifuta machozi. Mkuu wa shule alikaa wima, anaangalia mbele, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Binti alimaliza hadi neno la mwisho, akainamisha kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Hakulia.

Jioni mkuu aliniita ofisini.

"Mwalimu, leo nimekuwa mwanamke mbele ya wageni."

"Alirekebisha kosa, mkuu. Akapitiliza."

"Akapitiliza mpaka kwangu?"

Alivua koti, mara ya kwanza kumwona bila koti, akalitundika kwenye kiti. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Alikaa akaziangalia karatasi zilizokuwa mezani bila kuzisoma.

"Mwakani wasome karatasi," alisema. Akaniruhusu niende.

Wenzake walimpa binti jina la "He". Wakimwona getini, "He, shikamoo." Wakigawa chaki, "Mpe He." Nilikataza, wakaacha nikiwepo. Yeye kwenye somo langu hakunyoosha mkono tena, na mwalimu wa baiolojia akaja kuniuliza nimemfanya nini mwanafunzi wake bora, siku hizi ukimuuliza anaangalia dawati. Nilijaribu kuzungumza naye. Alijibu "ndiyo madam", "hapana madam", mpaka nikachoka mimi.

Siku moja niliposhuka Temeke kuelekea nyumbani nikapita kwa bibi yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko la mkaa, anageuza vitumbua kwa kijiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Kaa hapo."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakunizungusha.

"Huyu mtoto ananiambia siku ile watu walicheka kwa furaha. Mie mtu mzima, kicheko nakijua. Niambie, walicheka nini?"

Nilimweleza. Haikuwa kazi rahisi. Nilimweleza kwamba Waingereza wakimtaja mwanamke wana neno lake na mwanamume neno lake, na mjukuu wake aliyachanganya. Alisikiliza, kijiti kimesimama hewani.

"Kwa hiyo mie nilikuwa mwanamume."

"Ndiyo, bibi."

"Na mkuu wa shule mwanamke."

"Ndiyo."

Alicheka kidogo, halafu uso ukabadilika.

"Na wewe mwalimu ulijua hajaiva. Ukampakua hivyohivyo."

Ningeweza kumwambia kwamba mtoto mwenyewe aliomba, na kwamba karatasi niliiomba nikanyimwa. Niliona hayo yote hayamsaidii. Naye akageuka akaita ndani, na binti akatoka na sare yake ya shule, akashtuka kuniona.

"Siku ile nilisikia vicheko vya watu," bibi alimwambia. "Wewe sikukusikia. Nisemee sasa."

"Bibi, hapa?"

"Hapa kuna nini?"

Wateja wawili walikuwa wanasubiri. Bibi akawaambia vitumbua bado, ingawa vilikuwa tayari. Binti alinitazama, nikatazama chini. Akaweka mikono nyuma kama tulivyokuwa tukifanya mazoezi, akaanza kwa sauti ndogo. Alikwenda taratibu, akifika kwenye "she" anatulia kama mtu anayevuka barabara, anaangalia huku na huku ndipo apite. Mahali pamoja aliteleza akasema "he". Sikumsahihisha. Akasimama, akarudi nyuma mwenyewe, akasema sentensi yote upya. Alipofika kwa mkuu wa shule alinyamaza muda mrefu mpaka mteja mmoja akakohoa. Akasema "he".

Bibi hakuelewa hata neno moja. Alimsikiliza huku anaitikia kwa kichwa taratibu, na alipoona mjukuu amenyamaza akauliza, "Imeisha?"

"Imeisha, bibi."

"Haya. Kateke maji."

Sitasema kwamba kesho yake alifika shuleni akiwa mtu mwingine. Ilichukua karibu muhula mzima ndipo akanyoosha mkono kwenye baiolojia, na kwangu baadaye kidogo. Wale wenzake walipata mtu mwingine wa kumcheka. Mtihani wa kidato cha nne Kiingereza alipata D, na siku matokeo yalipotoka niliiona kama zawadi. Masomo ya sayansi alifanya vizuri zaidi, akachukuliwa chuo cha uuguzi huko bara.

Mimi nilihamishiwa Kinondoni. Shule ni nyingine, karakana hakuna, lakini madaftari ni yaleyale. Juzi nimesahihisha insha ya mtoto aliyeandika kwamba baba yake ni "a good wife". Nilipiga mstari, nikageuza ukurasa.

Yule binti sasa ni muuguzi. Hunipigia simu mara mojamoja, tunaongea Kiswahili tu. Mara ya mwisho nilimwambia siku hizi maandishi yanacheza nikisoma jioni.

"Nenda hospitali wakupime macho, madam. Usiishie kununua miwani ya barabarani."

Nilimwambia nitakwenda. Bado sijaenda. Mitihani ya muhula imeingia, na rundo la kidato cha pili ndio kwanza nimefika nusu.