Siku Niliyompigia Baba Mkwe Windo

Mpaka leo nikipita sokoni Mikindani kuna watu wanaocheka kwanza ndipo wanisalimu, na mke wangu huniambia niwaache wacheke, ni haki yao, kwa hiyo nimeona niwasimulie mwenyewe jinsi ilivyokuwa kabla hamjaisikia kwa mtu aliyeitia chumvi (na imetiwa chumvi sana, wapo wanaoapa kwamba nililia, sikulia, sauti tu ilikatika).

Wakati ule nilikuwa kijana, nimepanga chumba Rahaleo, nafanya kazi katika duka la steshenari mjini Mtwara, na kazi yenyewe ilikuwa kutoa fotokopi, kuchapa barua za watu, kutengeneza kadi za harusi, na mara mojamoja mteja akileta laptopu iliyochoka nilikuwa naipiga windo, maana ndivyo tunavyosema huku, kupiga windo, yaani unafuta ule mfumo mzima unaoendesha kompyuta na kuweka mwingine mpya. Basi kwa kazi hiyo tu, kijijini kwetu Ziwani nilikuwa mhandisi. Mama alikuwa akiwaambia wenzake kwenye mikorosho kwamba mwanawe anatengeneza kompyuta, na mimi sikuona sababu ya kumsahihisha mama yangu.

Zuhura alikuwa anafundisha chekechea Mikindani. Alikuja dukani kutoa fotokopi za picha za wanyama ili watoto wapake rangi, akaja tena, kisha akaanza kuja hata kabla zile za mwanzo hazijaisha, na mimi nikaanza kumtolea fotokopi polepole kuliko mteja mwingine yeyote. Tulipoelewana, shangazi yangu akapeleka posa kwa baba yake, Mzee Mfaume, karani mstaafu wa bandari aliyekuwa anaendesha madrasa uani kwake. Mzee akapokea posa kwa heshima zote, akasema ataangalia. Hakukataa wala hakukubali. Tukakaa tunasubiri, shangazi hali vizuri, mimi ndiyo kabisa, hadi mzee alipotuma salamu kwamba kuna maulidi ya watoto wa madrasa nyumbani kwake, alasiri, na yule kijana akipenda aje.

Shangazi akaniambia niende tangu asubuhi, nibebe viti, nionekane nina mikono. Nikavaa kanzu nyeupe mpya, nikachukua kikapu cha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha na kula, pamoja na korosho, alichokituma mama, nikaenda. Na ningebeba viti tu, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Sasa mzee alikuwa na kompyuta. Alipewa na ofisi siku ya kustaafu, ya mezani, monita yake ile yenye kisogo kirefu, na mkewe Bi Somoe aliifumia kitambaa cha kuifunika kama vile ni redio ya zamani. Humo ndimo mzee alimoweka sauti za watoto wa madrasa yake, maana kila maulidi alikuwa anawarekodi wakisoma kasida, mwaka baada ya mwaka, na wengine kati ya watoto wale sasa walikuwa wazazi, na wengine walishatangulia mbele ya haki. Zuhura mwenyewe alikuwemo, akiwa mdogo wa meno ya mbele kung'oka. Mzee alitaka alasiri ile awasikilizishe wageni sauti hizo za zamani kwenye spika kubwa alizokodi, lakini asubuhi alipoiwasha kompyuta, ikawa inawaka kwa kujivuta, unaenda kunywa chai unarudi bado inafikiri. Akanieleza hofu yake, kwamba itamwaibisha mbele za watu.

Hapo ningempa pole tu, nikaendelea na viti. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hii ni kupiga windo tu, baba. Mpaka adhuhuri nimemaliza."

(Nilimwita baba. Hakuna aliyekuwa amenipa ruhusa hiyo.)

Mzee akanitazama. "Na sauti zangu?"

"Haziguswi."

Na kweli, nilizihamishia zote upande wa pili wa diski, ule ambao windo mpya haiufikii. Hapo nilifanya sahihi na naomba mnikumbuke kwa hilo, maana kuanzia hapo sikufanya tena sahihi. Flashi ya kazini nilikuwa nayo mfukoni, lakini windo iliyokuwemo ilikuwa ya mashine za kisasa, na ile ya mzee ilikuwa ya enzi nyingine kabisa. Kwanza haikuiona flashi. Nikaizima, nikaiwasha, nikabonyeza vitufe vyote vya juu vya kibodi kimoja baada ya kingine, ikaiona. Nikabonyeza kufuta, ikafuta. Nikabonyeza kuweka mpya, ikaandika asilimia sifuri, ikakaa.

Mzee akaja, tasbihi mkononi, akauliza imefika wapi. Nikamwambia inaanza. Akaenda kupokea wageni, akarudi, akauliza tena, nikamwambia inaanza vizuri. Safari ya tatu nikajifanya nasoma kitu kwenye kioo, na kwenye kioo hakukuwa na kitu ila ile sifuri.

Nikaamua kuifungua. Wenzangu, vumbi lililotoka mle lilikuwa la tangu mzee yupo bandarini, na nyuma ya vumbi akatoka mjusi, akanipanda mkono hadi begani, nikaruka, nikajifuta kanzu kwa mkono uleule uliojaa masizi. Nilipojitazama, ubavu wote wa kanzu ulikuwa mweusi kama wa mchoma mkaa. Lakini nilishafungua, nikaona niendelee. Kile kipande cha kumbukumbu wanachokiita ramu, mafundi hukichomoa na kukisugua meno yake kwa ufutio wa shule, na dukani nilishaona wakifanya, kwa hiyo nikachungulia nje kuomba ufutio, na aliyenipa alikuwa Zuhura, akatoa kwenye mkoba wake wa kufundishia ufutio wenye umbo la samaki. Hatukutakiwa hata kuongea siku ile. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unajua unachofanya?"

"Najua," nikasema.

Akaitazama kanzu, akaondoka.

Nikasugua, nikarudisha, nikawasha. Ikapiga mlio kama wa lori linalorudi kinyumenyume, ikaendelea kupiga, watoto wa madrasa wakaacha kucheza wakajaa dirishani. Kumbe kipande sikukikaza. Nikakikaza, ikanyamaza, nikaanza upya, sasa ikafika asilimia kumi, nikamshukuru Mungu mapema mno, maana pale kwenye kumi ikaganda. Adhuhuri ikapita, watu wakaswali, wakala pilau, mimi nikaletewa sahani na Bi Somoe ambaye alinionea huruma, nikashindwa kula. Uani viti vilishajaa. Waliovibeba sikuwajua.

Akaja fundi wa mitambo, yule mwenye spika za kukodi, akaweka maiki isiyo na waya mezani, nyuma ya monita, kwa sababu waya wa spika zake haukuingia kwenye kompyuta ile na walikubaliana na mzee kwamba vispika vidogo vya kompyuta vitalia mbele ya maiki, basi. Akasema moja mbili, moja mbili, akatoka. Sikumjali. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kumi.

Nikaona nimpigie simu Dadi. Dadi ni rafiki yangu wa tangu shule, huyo ndiye fundi hasa, lakini siku zile alipata kibarua upande wa Msimbati, kule Mnazi Bay, na mtandao wa kule ulikuwa unakuja na kuondoka, hivyo ili tusikilizane ilibidi niiweke simu sauti ya juu, niilaze mezani na kuongea kwa kupaza. Akaniuliza ni mashine gani.

"Dadi, hii mashine ni ya zamani kuliko mimi," nikasema. "Sijawahi kupiga windo kwenye kitu kama hiki. Sijui hata nilikoanzia."

"Sasa uliigusia nini?"

"Kwa sababu ya Zuhura. Baba yake anakuja kila mara kuniuliza imefika wapi, kama anasubiri meli, nami nimjibu nini? Humu ndani mna sauti ya Zuhura akiwa mtoto. Nikiipoteza hii nimempoteza na yeye. Nampenda yule binti, Dadi, mpaka akili imenihama, ungeniona hapa nilivyo, kanzu nyeusi, nimekaa chini na mjusi." Hapo ndipo sauti ilipokatika, na hilo ndilo wanaloliita kulia.

Dadi alinyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekwenda, kumbe alikuwa anacheka. Kisha akasema, "Tulia. Chomoa flashi hapo mbele, chomeka nyuma, matundu ya mbele ni ya polepole. Halafu angalia kwenye kile kisahani cha sidii, humo mna sidii?"

Sikuwa nimeangalia. Kitufe cha kukifungulia kilikuwa kimekufa, nikanyoosha kibanio cha karatasi nikakichomeka kwenye kile kitundu kidogo, kisahani kikatoka, na ndani mlikuwa na sidii iliyochunika kama imesuguliwa na mchanga. Dadi akanieleza kwamba muda wote mashine ilikuwa inajaribu kuisoma, inashindwa, inajaribu tena, na kazi ya windo inasubiri nje ya mlango. Nikaitoa. Nikaanza upya. Asilimia tano, kumi, kumi na tano, ikapita ile kumi kama haijawahi kuijua.

"Alhamdulillahi," nikasema kwa nguvu.

Na ua mzima ukaitikia, "Alhamdulillahi."

Nilifikiri maulidi yameanza. Nikageuka dirishani, nikaona watu wote wamekaa wamenyamaza, wanawake upande wao wameziba midomo kwa kanga, wazee wanatazama chini mabega yakitikisika, na fundi wa mitambo amesimama karibu na spika, sahani ya pilau mkononi, hajui afanye nini. Nikaitazama maiki. Ilikuwa inawaka taa ndogo ya kijani.

Nimewahi kusikia watu wakisema walitamani ardhi ipasuke. Mimi sikutamani ardhi, niliitazama ile kompyuta iliyo wazi nikatamani kuingia humo.

Mzee Mfaume akaingia. Akaichukua maiki, akaizima, akaitia mfukoni mwa kanzu yake. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akavuta tasbihi muda mrefu bila kunitazama.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Arobaini, baba."

"Haya."

Tukaisubiri pamoja. Nadhani katika maisha yangu sijawahi kukaa na mtu kwa namna ile. Ikafika mwisho, ikajizima, ikawaka yenyewe, safi, upesi, nikafungua upande wa pili wa diski na sauti zote zilikuwemo, mwaka kwa mwaka. Mzee akavuta pumzi. Nikabonyeza. Ule mstari wa muda ukatembea, na kompyuta ikawa kimya. Bubu. Windo ilikuwa imekaa vizuri, lakini draiva ya sauti, yaani ile programu inayoiwezesha mashine kutoa sauti, haikuwemo, na pa kuitafuta palikuwa huko kwenye intaneti ambako nyumba ile haikuwa na njia.

Nikamweleza mzee ukweli. Sikuongeza kitu. Akaitoa maiki mfukoni, akaenda nayo nje, nikamsikia akiwaambia wageni kwamba sauti za zamani zipo salama lakini leo hazitatoka, wasamehe. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke ikianza kasida taratibu, hata haikuwa imejiandaa, ikikosa neno na kulirudia, na nikaijua. Zuhura alikuwa ameichukua maiki kwa baba yake na anaisoma ile aliyoisoma utotoni, na kwenye ubeti wa pili watu wazima waliopita madrasa ile wakamfuata, mmoja mmoja, hadi uani kote kukawa sauti moja. Mimi nilikuwa sakafuni nakaza skrubu.

Jibu la posa lilikuja wiki iliyofuata. Mzee alimwambia shangazi kwamba hapo mwanzo aliniona kijana wa maneno mengi, lakini sasa amenisikia siku nisiyojua kwamba nasikika, na hiyo inamtosha. Akaweka sharti moja, kwamba nisiguse kitu chochote chenye waya nyumbani kwake bila yule Dadi kuwepo.

Dadi alikuja, akaweka draiva, sauti zikatoka. Baada ya hapo Ijumaa nyingi baada ya kuswali nilikuwa naenda Mikindani, tunakaa mimi na mzee mbele ya monita ile, ananitajia huyu ni mtoto wa fulani, huyu sasa yuko Newala, huyu alikuwa hawezi kutamka vizuri, sikiliza. Mwanzoni mwa kila rekodi anakohoa mzee mwenyewe kwanza, anasema bismillahi, anataja mwaka. Alifariki kabla ya mvua za mwaka juzi. Sauti zile sasa ziko kwenye simu ya kila mtoto wake, zinafunguka mara moja, hazisubirishi mtu, nami nikizifungua nyumbani huwa nasikiliza kile kikohozi tu, kisha nafunga.

Basi nimeapa. Mtu akiniletea mashine yake sasa, hata jirani, namwambia sijui, namwelekeza kwa Dadi, naendelea na mambo yangu. Ila Zuhura ana lalamiko lake, anasema maneno yale niliyoyasema siku ile yalimfikia yeye pamoja na fundi wa mitambo, mashehe na watoto wa madrasa, na kwamba tangu tuoane sijamwambia hata mara moja yeye peke yake. Ni kweli. Huwa naanza, kisha natazama kama dirisha liko wazi, naishia kumuuliza chai iko wapi.