Kisiwa cha Membe na Paka wa Balqis

Mke wangu Mahbuba ni daktari wa ndege wa baharini, na kazi hiyo imemchosha kuliko ninavyoweza kueleza bila kukasirika. Aliporudi na shahada yake kutoka ng'ambo, jamaa zetu wa asili ya Unguja waliojaa hapa Maskati walifurahi kwamba daktari kapatikana. Wakamletea magoti yao na presha zao. Walipojua kuwa anachunguza maisha ya membe, hao ndege wa pwani, mjomba wake mmoja aliuliza kama kweli serikali inamlipa mtu kwa hilo. Inamlipa. Ila kila msaidizi iliyempa alikimbia kabla msimu haujesha.

Membe wake hutaga kwenye kisiwa kidogo cha mawe, kule nje ya pwani yetu ya Azaiba, tena katikati ya joto, siku ambazo watu wenye akili wamejifungia ndani na viyoyozi. Huenda kwa boti, akainama juani kutafuta viota chini ya mawe, akawavisha makinda pete ndogo mguuni ili wakirudi wakubwa awatambue. Kisha hurudi akinuka mavi ya ndege, akala wali uliopoa hali amesimama, akalala. Hivyo ndivyo tulivyozeeka.

Msimu wa mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Alitaka jambo moja tu: makinda waruke, naye aondoke akiwa amewaacha salama. Badala yake akawa anakuta makinda wametafunwa vichwa. Alitambua mara moja kuwa ni kazi ya paka. Lakini paka haogelei mpaka kule, kwa hiyo kuna mtu aliyemvusha.

Mtu huyo tulimpata Ijumaa, mtaani Darsait, tumezunguka sinia la pilau nyumbani kwa Balqis, dada mkubwa wa Mahbuba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Balqis hana uwezo wa kumkatalia paka. Wanakuja wenyewe, wanazaa chini ya kitanda chake, naye hathubutu kuwatupa njiani kwa kuogopa dhambi.

"Yule Halwa wangu mweusi nshampatia pahala," alisema kwa furaha. "Majirani wamechoka naye, nkampa mvuvi ampeleke kisiwani kwako. Si mwenyewe kila siku wasema kule ndege tele, samaki tele? Nkasema maskini, naye ale ashibe."

Mahbuba aliliacha tonge lake kwenye sinia. Nilingoja apasuke, maana mimi ningepasuka. Akasema polepole, "Dada, anawala wanangu."

Balqis alicheka kidogo, akauona uso wa mdogo wake, akauondoa mkono siniani.

Mahbuba akaanza kwenda kutega. Alibeba sanduku la mtego na vipande vya jodari, akalirudisha tupu, akaenda tena. Paka anayekula makinda bure hana haja ya kuingia sandukuni kwa kipande cha samaki. Kila safari maiti za makinda zilizidi. Nilimlaani yule paka kwa lugha zote ninazozijua, na haikusaidia kitu.

Mwisho Balqis mwenyewe akapiga simu. "Haji ila kwa sauti yangu. Nipelekeni."

Anaogopa boti kama mtoto anavyoogopa sindano. Alinishika mkono njia nzima, akisoma dua na macho kayafumba. Tulipomteremsha kwenye mawe, abaya yake imelowa mpaka magotini, akaita: "Halwa, njoo mama, njoo." Paka akatoka chini ya jiwe, mkia juu, akajisugua miguuni kwake kana kwamba hakufanya lolote. Balqis akamtia kwenye kikapu alichokuja nacho.

Ndipo alipotazama. Jua limekaa utosini, hakuna kivuli hata cha kuweka kichwa, na kila penye jiwe pana kinda aliyekufa. Nami nilikuwa natazama kwa mara ya kwanza. Katika ukoo mzima, zaidi ya Mahbuba, hakuna aliyewahi kufika pale.

"Huku ndiko ukija, mdogo wangu?" Balqis alikuwa analia. "Na jua hili? Peke yako?"

"Miaka yote, dada."

Roho iliniuma kwa namna ambayo sikuitegemea. Niliitazama bahari ili nisiwatazame wao.

Balqis alijifuta uso kwa shela yake, akamshika mdogo wake bega. "Haya, basi nionyeshe hao membe wako. Nnataka niwaone."

Mahbuba alitazama juu, akatazama mawe, akaliinua sanduku lake la mtego.

"Hawapo, dada," alisema. "Makinda wameisha, wazazi wameshahama."